Mgonjwa Mmoja, Wauguzwao Wawili



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya pesa za nyumbani, wakwe na malezi ya watoto. Mara hii tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi hata kulitaja kwa jina. Watu husema "ule ugonjwa", au "ana uvimbe", au "ana kidonda cha ndani". Jina lake ni saratani, au kansa kama tunavyoiita mitaani. Kwa makadirio ya mwaka 2022, Wakenya zaidi ya 44,000 walipatikana na ugonjwa huu katika mwaka mmoja, na zaidi ya 29,000 walifariki kwa sababu yake. Fikirieni ni wangapi kati yao walikuwa na mume au mke aliyekuwa akiwangojea nyumbani siku walipopewa majibu.

Ni huyo aliyekuwa akingojea tunayetaka kuzungumza naye hasa. Mgonjwa ana daktari, ana faili, ana tarehe ya kurudi kliniki. Anayemuuguza hana faili popote. Hakuna anayempima presha wala kumwuliza kama amelala. Na bado nyumba nzima imemwegemea yeye.

Siku ya majibu

Tuchukue mfano wa nyumba moja huko Changamwe. Mume ni kibarua bandarini. Siku akiitwa anapata, siku asipoitwa hapati. Mke hukaanga samaki na kuuza jioni karibu na stendi ya matatu. Mke ameona uvimbe kwenye titi. Hauumi, kwa hiyo amekaa nao miezi kadhaa. Hatimaye amekwenda hospitali ya Port Reitz, akatumwa Coast General, akakatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Baada ya majuma ya kungoja, daktari amewaita na kusema ni saratani.

Jioni hiyo wanarudi nyumbani bila kusemezana. Mume anatoka. Anarudi saa nne za usiku watoto wakiwa wamelala, na kesho yake anafanya vivyo hivyo. Mke anajiambia moyoni: "Huyu amekwisha kunichoka. Anatafuta mwingine." Kumbe mume amekaa kwenye kibao nje ya duka la rafiki yake, anapiga hesabu ya pesa ambazo hana, na anaogopa kwamba akirudi mapema atalia mbele ya mkewe. Mke naye, akisikia mlango, hufuta macho haraka na kujifanya amelala, maana hataki kumwongezea mzigo.

Mwaona jambo linalofanyika hapa? Kila mmoja anamficha mwenzake ili asimwumize, na kwa kufichana huko wote wawili wanabaki wapweke chini ya paa moja. Siku hizo za kwanza saratani bado haijamlaza mgonjwa kitandani, lakini tayari imeketi katikati ya ndoa.

Dawa ya hapo ni kusema, na si lazima maneno mengi. Wanaume wengi hukaa kimya kwa sababu wanadhani wanatakiwa kuwa na jawabu. La hasha! Mkeo hakungojei umwambie kama atapona. Anangoja umwambie, "Mimi pia naogopa, lakini siendi popote." Kumbukeni wale rafiki watatu wa Ayubu. Kabla ya kuanza kuhubiri na kumkosesha raha, walifanya jambo moja jema: walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Kuketi pamoja na mgonjwa, mkono wako ukiwa juu ya wake, ni kazi ya mwenzi. Maelezo ya kwa nini Mungu ameruhusu jambo hili yaweza kungoja, na pengine hayatakuja kamwe.

Wanaume na siri

Lazima tuseme ukweli hata kama hautufurahishi. Wako waume wanaokimbia. Mke anapokatwa titi, au anapopatikana na saratani ya mlango wa kizazi, mume huhamia kwa ndugu, au huanza maisha mengine mtaa wa pili, akisema kwamba yeye pia ni binadamu. Kila hospitali ina wanawake wanaokuja kliniki na dada zao kwa sababu mume haonekani. Mwenye kufanya hivyo asidanganyike kwamba ahadi aliyoitoa altareni ilihusu siku za afya peke yake. Siku ile alitaja ugonjwa kwa mdomo wake mwenyewe, mashahidi wakisikia.

Lakini wako pia waume walio wagonjwa wenyewe, na hao hukimbia kwa namna nyingine. Saratani inayowapata wanaume wengi zaidi hapa kwetu ni ile ya tezi dume. Kwa kuwa inagusa mkojo na uwezo wa tendo la ndoa, mume huona aibu kumwambia mkewe. Hunywa dawa kwa siri. Huenda kliniki akisema anakwenda kutafuta kazi. Mke anaona mume amebadilika, anakuwa mkali, analala akimgeuzia mgongo, naye anaanza kushuku mambo mengine kabisa.

Hapa tunaweza kujifunza kwa watu wanaojulikana. Profesa Anyang' Nyong'o, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Huduma za Matibabu wa Kenya, alipatikana na saratani ya tezi dume mwaka 2010. Alitibiwa San Francisco, Marekani, na hakuuficha ugonjwa wake. Aliutangaza mbele ya taifa zima. Mwaka 2011 yeye na mkewe, Dorothy, walianzisha Africa Cancer Foundation ili kuwahimiza watu wapimwe mapema. Ni kweli, waziri anaweza kutibiwa Marekani, na kibarua wa Changamwe hawezi. Lakini kumwambia mkeo hakuhitaji tikiti ya ndege.

Kenya ilipata mshtuko mwezi wa Julai 2019, wakati Bob Collymore wa Safaricom, Ken Okoth mbunge wa Kibra na Joyce Laboso gavana wa Bomet walipofariki kwa saratani ndani ya mwezi mmoja. Tangu hapo watu wanalitaja jina la ugonjwa kidogo zaidi kuliko zamani. Nyumbani, kati ya mume na mke, bado tunanong'ona. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Nendeni hospitali wawili

Anayeambiwa habari nzito husikia neno la kwanza tu. Yale yanayofuata humpita. Kwa hiyo mwenzi asiketi nje kwenye benchi. Aingie chumbani kwa daktari, na daftari mkononi. Aulize: Ni saratani ya aina gani? Iko hatua gani? Tiba inakusudia kuiponya, au kuizuia na kumpunguzia mgonjwa maumivu? Itaanza na upasuaji, na kemotherapi, yaani zile dawa zinazotiwa kwenye mshipa, au na mionzi? Mara ngapi, kwa muda gani? Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. Na akitumia neno usilolielewa, mwombe aliseme tena kwa Kiswahili cha kawaida.

Sisi tunaoishi upande wa bara wa Mombasa tuna jambo moja letu. Iwe unatoka Likoni, Kisauni au Changamwe, hospitali kubwa ya Coast General iko kisiwani, na lazima uvuke maji: kwa feri, kwa daraja la Nyali, au kwa Makupa. Mtu mzima husahau hilo kwa sababu ni la kila siku. Lakini mgonjwa aliyetoka kutiwa kemotherapi, tumbo likichafuka, akisimama juani katika umati wa Likoni saa kumi na moja jioni watu wakitoka kazini, kwake safari ile ni ndefu kama ya Voi. Pangeni mapema. Ombeni siku ya kliniki ya asubuhi kama inawezekana. Mtafute jamaa au rafiki kisiwani ambaye mgonjwa aweza kupumzika kwake saa mbili tatu mpaka msongamano upungue. Chukueni mfuko wa plastiki, maji na kanga ya kujifunika.

Tushukuru pia kwamba mambo yamebadilika kidogo. Zamani mgonjwa wa Pwani aliyehitaji mionzi katika hospitali ya serikali alipanda basi hadi Kenyatta, Nairobi, na kungoja zamu yake mbali na jamaa zake. Siku hizi Coast General ina kituo chake cha saratani, na mionzi inapatikana hapo.

Kuhusu gharama, msikimbilie kuuza shamba au kukopa kabla ya kujua tiba yenyewe ni ipi. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hukadiriwa, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipa ya mwaka mzima. Angalieni mambo mawili juma hili hili. La kwanza, je, mchango wenu umelipwa? La pili, ambalo wengi hulisahau: je, mke au mume ameandikishwa katika SHA kama mwenzi wako, au bado uko peke yako katika kitabu chao? Matibabu ya saratani yana kiwango cha juu ambacho familia hulipiwa kwa mwaka, na hospitali huomba idhini kabla ya kuanza. Ulizeni kiwango cha mwaka huu, mwandike katika lile daftari, mjue pesa zitafika wapi na zitaishia wapi.

Maneno ya watu

Habari ikitoka, washauri watakuwa wengi. Mmoja atasema ni upepo mbaya, mwingine atasema jirani fulani ndiye aliyefanya. Yuko atakayejua mganga wa Kwale au wa Kaloleni aliyemponya shemeji yake. Hapa mwenzi wa mgonjwa hana budi kuwa mlango wa nyumba. Saratani haisababishwi na jicho la jirani, na kumshuku mama wa chumba cha pili kutawaongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Hatari kubwa zaidi ni muda. Uvimbe ambao ungekatwa mwezi huu huwa mkubwa usioweza kukatwa baada ya miezi sita ya kunywa mizizi. Kama mgonjwa anatumia dawa yoyote ya miti shamba, daktari aambiwe bila kuona haya, maana nyingine hugombana na dawa za hospitali.

Jamaa wa nyumbani nao, hasa kwa wale tulio na asili ya Ukambani, Taita, Nyanza au Magharibi, watasema, "Mleteni huku, apate hewa." Wanasema kwa upendo. Lakini mgonjwa akikatiza tiba katikati ili kupelekwa nyumbani, mara nyingi akirudi huwa amechelewa. Mume au mke aseme kwa heshima: "Mama, tutakuja tukimaliza dawa. Sasa njoo wewe ukae nasi." Mkwe akija, mpeni kazi ya jikoni na wajukuu. Anayekuja kukaa tu na kuugua pamoja na mgonjwa huongeza idadi ya wagonjwa.

Kuwafungulia watu mlango

Sasa tufike kwa yule asiye na faili. Wengi wenu, wapendwa, mkiulizwa na majirani "Mnahitaji nini?" hujibu "Hatuhitaji kitu, mtuombee tu." Sala ni kubwa, hatuikatai. Lakini jibu hilo hufunga mlango usoni pa watu waliotaka kuingia. Simoni wa Kirene hakuombwa amwombee Yesu njiani. Alitwikwa msalaba akaubeba.

Kaeni wawili jioni moja na kuandika kazi zote za nyumba: kuteka maji, kupika, kuwapeleka watoto shule, kufua, kwenda na mgonjwa kliniki, kulala naye usiku, kuuza samaki ili biashara isife. Kisha mwiteni mwenyekiti wa jumuiya na mumwonyeshe. Mama mmoja wa jumuiya atachukua Jumanne na uji wake. Mzee mmoja wa chama cha wanaume atakwenda hospitalini siku ya Alhamisi ili mume aende bandarini asikose siku yake ya kazi. Watu hupenda kusaidia wanapojua kazi ni ipi na inaisha saa ngapi. Msaada usio na siku wala saa ndio unaowachosha.

Msiwasahau majirani Waislamu, ambao kule Likoni na Kisauni ndio wengi wetu tunaoishi nao mlango kwa mlango. Mara nyingi jirani huyo ndiye wa kwanza kufika usiku na ndiye mwenye gari. Mpokeeni. Kushirikiana katika maradhi ni desturi ya Pwani iliyo ya zamani kuliko sote.

Jambo moja la tahadhari. Mgonjwa ndiye mwenye habari yake. Kabla ya kuitangaza katika jumuiya, mwulize anataka nani ajue, na kwa maneno gani. Wako wake waliosikia ugonjwa wao ukitajwa katika maombi ya waamini Jumapili, nao hawajamaliza kuwaambia watoto wao wenyewe. Watoto waambieni nyinyi, mapema, kwa maneno machache ya kweli: mama ni mgonjwa, ugonjwa unaitwa hivi, dawa zitamchosha, na si kosa la mtoto yeyote.

Chumbani

Saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja au kukumbatiana. Ni kweli kwamba saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kinachopitia tendo la ndoa, lakini saratani yenyewe mume haipati kwa mkewe. Kwa hiyo asitengewe kikombe wala mkeka. Mke aliyekatwa titi huogopa siku ambayo mumewe ataliona kovu. Mume mwema hangojei siku hiyo ije kwa bahati mbaya. Humwomba mkewe amwonyeshe, husaidia kubadili bandeji, na macho yake hayakimbii. Pengine kwa miezi mingi hakutakuwa na tendo la ndoa. Kushikana, kupakana mafuta mgongoni na kulala karibu vinabaki.

Mimba wakati wa kemotherapi ni hatari kwa mtoto. Basi lizungumzeni mapema na daktari, na panapogusa dhamiri zungumzeni na padri, kabla ya dawa kuanza. Na mgonjwa aliye katika kemotherapi akipata homa, joto la 38 au zaidi, msingoje asubuhi wala msimpe tu panadol na kulala. Dawa hizo hupunguza kinga ya mwili, na homa hiyo huweza kuua haraka. Pelekeni hospitali usiku huo huo.

Padri na mofini

Mambo mawili huogopwa kwa sababu moja: watu hudhani yanaleta kifo. La kwanza ni Mpako wa Wagonjwa. Padri akionekana na mafuta matakatifu, majirani huanza kulia. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha tangu 1963 kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika saa ya mwisho, na Papa Paulo VI aliirekebisha ibada yake mwaka 1972. Mgonjwa aweza kuipokea kabla ya upasuaji mkubwa, na tena hali ikizidi kuwa nzito. Mwiteni padri mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuitikia sala na kumkaribisha chai.

La pili ni mofini. Mombasa ina Coast Hospice, ambayo kazi yake ni kupunguza maumivu na kuisaidia familia, na huduma hiyo haikuwekwa kwa ajili ya siku za mwisho peke yake. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali akipewa mofini ya maji kwa kipimo cha daktari, hageuki kuwa mlevi wa dawa. Hulala, hula, huzungumza na watoto. Kuvumilia maumivu yanayoweza kutulizwa hakumpendezi Mungu zaidi, na mwenzi anayesikiliza kilio usiku kucha naye anaumia.

Wewe unayeuguza

Utakasirika. Utamkasirikia daktari, utamkasirikia Mungu, na kuna siku utamkasirikia mgonjwa mwenyewe kwa sababu amekataa uji ulioupika saa kumi za alfajiri. Hilo halionyeshi kwamba upendo umekwisha. Linaonyesha kwamba umechoka. Mtafute mtu mmoja wa kumwambia hayo yote bila kuchagua maneno: padri, dada yako, rafiki wa kazini, au mwenzi mwingine uliyemkuta kwenye benchi la kliniki, ambaye anajua kuliko sote. Lala usiku mmoja kwa juma nyumba nyingine, au chumba kingine, mtu mwingine akishika zamu. Kula. Pimwa presha yako siku ambayo mgonjwa anapimwa yake, muuguzi hatakukatalia.

Maswali ya kujadiliana nyumbani, hata kama leo nyote wawili mko wazima: Je, kuna uvimbe, kidonda au damu ambayo mmoja wetu ameificha? Majina yetu yote yameandikishwa katika SHA? Mmoja wetu akiugua, ni neno gani angependa watu waambiwe, na ni nani asiambiwe kwanza? Na kama kesho nyumba yetu ingehitaji mtu wa kulala na mgonjwa usiku, ni milango gani mitatu tungebisha hodi? Yaandikeni majina hayo matatu.